Kifo cha huruma nyumbani: maana yake kwa mwenye mbwa au paka

Kifo cha huruma ni pale daktari wa mifugo anapokatisha uhai wa mnyama anayeteseka na asiye na tumaini la kupona, kwa dawa zinazomwondolea fahamu kwanza, ndipo zisimamishe moyo. Kikifanyika nyumbani, tofauti ni moja tu: anayesafiri ni daktari, si mgonjwa. Watu wengi hulikazia macho hilo neno "nyumbani". Mimi naona uzito uko kwenye "kwanza" na "ndipo". Mbwa akipewa dawa ya kusimamisha moyo akiwa macho kabisa, kuwa kwenye kibaraza chake hakumsaidii chochote.

Hata hivyo nyumbani kuna faida yake. Paka mzee mwenye figo zilizochoka huenda maisha yake yote ametoka nje ya geti kwa ajili ya chanjo tu, na kila safari alikuwa kwenye boksi akilia njia nzima. Mbwa mkubwa ambaye nyonga zimegoma huumia kila anaponyanyuliwa kuingizwa kwenye gari. Akibaki kwenye mkeka wake, hofu hiyo yote haipo. Marekani kuna madaktari wasiofanya kazi nyingine. Kampuni ya Lap of Love, iliyoanzia Florida mwaka 2009, imejengwa juu ya huduma hiyo. Kwetu hakuna cha kushangaza hapo. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa amezoea kumwona daktari akiteremka kwenye pikipiki na mkoba wake. Kilicho kigeni kwa wengi ni kumwita kwa ajili ya paka.

Kazi yenyewe huanza na sindano ya kumlaza, inayochomwa chini ya ngozi au kwenye msuli. Huku kwetu mara nyingi ni zailazini, peke yake au pamoja na ketamini. Zailazini huweza kumfanya mnyama atapike, hasa paka, kwa hiyo usishtuke. Baada ya dakika tano hadi kumi na tano kichwa kinainama, pumzi inakuwa nzito, mbwa wengine wanakoroma. Daktari anaminya kidole cha mguu kwa nguvu kuona kama utavutwa. Usipovutwa, ananyoa kipande kidogo cha manyoya mguu wa mbele, anapangusa kwa spiriti, anatafuta mshipa.

Dawa ya pili ndiyo ya mwisho. Inayopendekezwa zaidi duniani ni pentobabitali, ambayo asili yake ni dawa ya usingizi. Hapa hutolewa kwa kipimo kikubwa kupita kiasi. Ubongo hunyamaza kwanza, pumzi hufuata, kisha moyo, kwa kawaida ndani ya dakika chache. Daktari husikiliza kifua kwa muda kabla ya kusema amekufa, na akiharakisha, mwombe asikilize tena.

Kuna mambo ambayo usipoambiwa mapema yatakutisha. Macho hayafumbi. Mkojo unaweza kutoka, misuli ikacheza, hata pumzi moja ndefu ikasikika baada ya moyo kusimama. Hayo ni ya mwili tu. Mnyama mwenyewe hasikii kitu.

Pentobabitali inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na si kila daktari anayo. Asipokuwa nayo, wapo wanaotumia kloridi ya potasiamu, chumvi inayosimamisha moyo. Miongozo ya chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani, AVMA, inaikubali kwa sharti la mnyama kuwa ndani ya nusukaputi kamili, kwa sababu ikiingia kwa aliye macho inauma vibaya sana. Ndiyo maana swali la kumuuliza daktari kwenye simu, kabla hata ya bei, ni hili: "Atakuwa hajitambui kabisa kabla ya dawa ya mwisho?" Daktari anayejua kazi yake hataudhika. Anayejibu kwa kuzungukazunguka, tafuta mwingine.

Sumu kwenye nyama haimo kabisa katika maana ya kifo cha huruma, hata kama nia ni njema. Mnyama hufa kwa degedege, pengine kwa saa nyingi, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inayokataza ukatili. Kenya nayo ina yake. Na tafadhali, usimpe paka panadoli wala dawa nyingine yenye parasetamoli kumtuliza maumivu. Kidonge kimoja kinatosha kumuua, tena kwa mateso.

Lini uamue? Daktari Alice Villalobos wa Marekani alitunga kipimo cha mambo saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 10, na 10 ni hali nzuri kabisa. Jumla ikizidi 35, maisha bado yanabebeka. Namba zenyewe si msahafu. Faida yake ni kuandika, kwa sababu anayemwona mnyama kila siku hagundui upesi anavyopungua. Watoto waambiwe kwamba amekufa. Ukiwaambia "amelala", usiku wataogopa kulala wao.

Huduma hii haimfai mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa. Usimpakate wala usimzike: ugonjwa huo huthibitishwa kwa kupima ubongo, hivyo ofisi ya mifugo lazima ijue. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri majibu.

Kwa wengine, kazi iliyobaki ni mwili. Pentobabitali hubaki mwilini hata mnyama akishakufa. Mbwa, tai au ndege korongo atakayekula mzoga huo naye atalewa au kufa. Kwa hiyo usitupwe jalalani wala korongoni. Chimba angalau mita moja, mbali na kisima, shindilia udongo na uweke mawe mazito juu, maana mbwa wa jirani hufukua. Anayeishi kwenye fleti ya kupanga apatane na daktari auchukue mwili akauteketeze, na wakubaliane malipo ya hilo kabla ya siku yenyewe. Tuma pesa kwa simu asubuhi, ili jioni daktari akimaliza asiwepo mtu wa kutafuta chenji.