Ukuta mfupi nao unaweza kuhitaji mhandisi

Kwenye miteremko ya Kampala, kuanzia Muyenga hadi Naguru, utasikia ikisemwa kwamba ukuta wa kuzuia udongo usiofika futi 4 ni kazi ya fundi peke yake. Kipimo hicho kipo kweli katika kanuni za mfano za ujenzi za Marekani, lakini huko ni kikomo cha kuhitaji kibali cha ujenzi, si cha kuhitaji mhandisi, hupimwa kuanzia chini ya msingi, na hakihusu ukuta unaobeba uzito wa ziada. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea.

Urefu ukiongezeka maradufu, nguvu ya udongo inayousukuma ukuta huwa mara 4, na ile ya kuupindua mara 8. Maji ni mabaya zaidi. Mvua za Machi hadi Mei zikijaa nyuma ya ukuta usio na kokoto wala matundu ya kutolea maji, msukumo unaweza kuzidi maradufu ya ule wa udongo mkavu. Mafundi wetu ni hodari, nawaheshimu sana, ila unene wa mawe hauondoi maji.

Kwa hiyo mwite mhandisi wa miundo aliyesajiliwa hata kwa ukuta wa mita moja, endapo juu yake pana nyumba, tangi la maji au njia ya gari, endapo mteremko unaendelea kupanda, au udongo ni wa kujazwa. Ukuta ulioanza kuinama usiupige plasta kwanza.