Nguzo za grafu zijipange zenyewe: safu na kitanzi ndani ya p5.js

Anayeanza p5.js, maktaba ya JavaScript ya kuchora kwa msimbo, akiambiwa achore grafu ya nguzo nne, mara nyingi huandika rect (amri ya kuchora mstatili) nne mfululizo, kila moja na vipimo alivyovikokotoa pembeni kwenye karatasi. Grafu inatoka vizuri tu. Kasheshe huanza unapomwomba aongeze nguzo ya tano: zote inabidi zipunguzwe upana na kusogezwa, moja baada ya nyingine.

Chukua milima minne ya kwetu, kwa mita: Kilimanjaro, Kenya, Stanley kule Rwenzori, na Elgon.

let milima = [5895, 5199, 5109, 4321];

function setup() {
  createCanvas(400, 300);
  let hatua = 400 / milima.length;
  for (let i = 0; i < milima.length; i++) {
    let kimo = milima[i] / 20;
    rect(i * hatua, 300 - kimo, hatua - 10, kimo);
  }
}

Ukiongeza namba ya tano kwenye safu, yaani ile orodha ya milima, hatua (nafasi ya kila nguzo) inashuka kutoka 100 hadi 80 na nguzo zinajipanga zenyewe.

Mstari wa rect usome taratibu. Hiyo i ni namba ya zamu ya kitanzi, yaani ile for inayorudia kazi, na kazi yake ni mahali tu: zamu ya 0 nguzo inakaa ukingoni kushoto, zamu ya 1 inaanzia pikseli ya 100, zamu ya 2 pikseli ya 200. Kimo hakiihusu, kimo kinatoka kwenye milima[i], yaani thamani iliyohifadhiwa kwenye nafasi hiyo. Anayevichanganya akaandika i / 20 anapata nguzo fupi mno, karibu zisionekane, na kompyuta haimlalamikii, maana kwake hesabu ni halali.

Nimegawa kwa 20 ili 5895 iwe 294.75 na ienee kwenye turubai ya 300. Ile 300 - kimo ipo kwa sababu skrini huhesabu y kutoka juu kwenda chini. Ukiweka 0 mahali pake, nguzo zitaning'inia kama popo.

Ukiandika <= badala ya <, kitanzi kitadai milima[4], ambayo haipo. JavaScript inakupa undefined (hakuna thamani), ukiigawa unapata NaN (si namba), na programu inaendelea. Processing ya Java, mzazi wa p5.js, husimama papo hapo. Kwa mwanafunzi napendelea ukali huo.

Wapo wanaotaka tofauti ionekane zaidi, wakaandika (milima[i] - 4000) / 7. Kitanzi kitatii, na Kilimanjaro utatoka karibu mara 6 ya Elgon, ilhali kwa mita haufiki hata mara moja na nusu. Nguzo zangu huanzia sifuri. Ukihitaji kuonyesha tofauti ndogo, weka circle (duara) badala ya rect na uandike kipimo pembeni: jicho hupima nguzo kwa urefu wake, lakini nukta huitazama mahali ilipo tu.