Je, wajua kwa nini mtoto huharisha "anapoota meno"?

Mtoto ana miezi sita au saba. Jana alikuwa anacheza vizuri, leo ameharisha mara nne, mwili unachemka, mate yanamtiririka na kila anachokishika anakipeleka mdomoni. Bibi anampapasa fizi kwa kidole, anatoa jibu: "Meno hayo, mwanangu. Yatapita." Kesho yake jirani anakuja na neno zito zaidi: meno ya plastiki.

Alichokiona bibi ni kweli. Jino la kwanza la chini mara nyingi huchomoza karibu na miezi sita, na kuharisha nako hushika kasi umri huohuo. Jino linaweza kuwasha fizi, kuongeza mate na kumnyima mtoto usingizi, lakini haliharishi, wala halileti homa kali. Kinachoharisha ni vijidudu, na miezi hii ndiyo vinapopata njia nyingi za kuingia.

Kinga aliyozaliwa nayo mtoto, ile aliyopewa na mama kupitia kondo la nyuma, imeshapungua sana, na ya kwake bado changa. Wakati huohuo ameanza kukaa na kutambaa: sakafu, ndala, kifuniko cha ndoo, vyote anavionja. Na ndio mwezi anaoanza kula. Maziwa ya mama pekee yanamtosha hadi miezi sita. Baada ya hapo akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo imekaribia kwisha, kwa hiyo chakula cha nyongeza ni lazima, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

Hapo kwenye chakula, uji ndio wa kuangaliwa sana. Nyumba nyingi hupika sufuria moja asubuhi na mtoto hulishwa humo hadi jioni. Ukishakuwa vuguvugu, uji huo unawalisha bakteria vizuri kama unavyomlisha mtoto, na saa mbili tu zinatosha kuuharibu pasipo harufu wala ladha kubadilika. Pika kidogo kidogo, au uchemshe tena hadi utokote kabla ya kumpa. Mlishe kwa kikombe na kijiko. Chupa ya chuchu ina pembe ambazo brashi haifiki. Nawa mikono kwa sabuni, na umnawishe na yeye.

Waliotangulia walikuwa na ujuzi wao katika hili. Togwa, uji uliochachushwa unaofahamika sana mikoa ya kusini mwa Tanzania, una asidi inayozuia vijidudu vingi kukua, na tafiti zilizofanywa Tanzania ziliona watoto waliolishwa uji wa namna hiyo wakiharisha kidogo. Kimea nacho kina kazi yake: kiasi kidogo cha unga wa nafaka iliyooteshwa hulegeza uji mzito, ukaweza kutia unga mwingi bila kuugeuza ugali. Tumbo la mtoto wa kilo nane linabeba kama glasi moja tu, na uji mwepesi unalijaza maji.

Sasa hayo meno ya plastiki, wengine huyaita ya nailoni. Imani hii, kwamba meno hayo ndiyo yanayomharisha mtoto na lazima yang'olewe, imeenea Tanzania tangu miaka ya 1980, na Uganda wanayo ya aina hiyo kwa jina la ebino. Fizi inakatwa kwa wembe, sindano au hata spoku ya baiskeli, kinatolewa kitu cheupe na laini, mzazi anaonyeshwa. Kitu hicho ni jino halisi la mtoto, mara nyingi chonge, ambalo halijakomaa. Mtoto ambaye tayari amepungukiwa maji anapoteza na damu, anaweza kupata pepopunda au sumu ya damu, na baadaye jino la ukubwani likaota limeharibika au lisiote kabisa. Wapo wanaoapa kwamba mtoto alipona baada ya kung'olewa. Kuharisha kwingi huisha kwenyewe ndani ya siku chache. Angepona hata fizi isingeguswa. Naumia kila nisikiapo mtoto amefanyiwa hivi.

Kinachomuua mtoto anayeharisha mara nyingi ni kukaukiwa maji na chumvi. Ukuta wa utumbo mdogo una milango inayopitisha sukari na chumvi kwa pamoja, na maji hufuata nyuma yake. Milango hiyo huendelea kufanya kazi hata mtoto anapoharisha, na ndiyo inayotumiwa na ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Pakiti ya lita moja ichanganywe na lita moja kamili ya maji safi, isipungue, maana chumvi ikizidi inadhuru. Ikibaki baada ya saa 24, mwaga. Kila anapoharisha, mpe aliye chini ya miaka miwili mililita 50 hadi 100 kwa kijiko, taratibu. Akitapika, subiri dakika kumi, uendelee. Soda na juisi usimpe, sukari nyingi huvuta maji kuyaingiza utumboni.

Na usimnyime chakula eti tumbo lipumzike. Ngozi ya ndani ya utumbo hujijenga upya kila baada ya siku chache, na hujengwa kwa chakula. Anyonye zaidi ya kawaida, ale kidogo kidogo mara nyingi: uji wenye dagaa waliosagwa, yai, ndizi iliyopondwa. Akishapona, muongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili, arudishe uzito uliopotea.

Kimbia kituo cha afya usiku huohuo akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akiwa na damu kwenye choo, macho au utosi ukidumbukia, akilegea au akipata degedege. Au ukimfinya ngozi ya tumbo nayo ikachelewa kurudi.

Kituoni, pamoja na ORS, omba zinki. Aliyetimiza miezi sita hupewa miligramu 20 kwa siku, aliye mdogo zaidi 10, kwa siku 10 hadi 14. Kidonge huyeyushwa kwenye kijiko cha maziwa ya mama. Wazazi wengi huacha siku ya tatu choo kikishakuwa kigumu. Mmalizishie dozi, kwa sababu zile siku za mwisho zinampunguzia uwezekano wa kuharisha tena miezi miwili mitatu ijayo, wakati meno ya juu nayo yanachomoza.