Unga Unaong'aa na Maji ya Kisima: Maswali na Majibu

Swali: Kisima chetu hapa Pongwe, Tanga, kina maji maangavu yasiyo na harufu. Kuna haja ya kuyapima?

Ipo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza metali ya risasi isizidi miligramu 0.01 katika lita moja ya maji ya kunywa, na kromiamu, nayo ni metali, isizidi 0.05. Kiasi hicho macho hayakioni wala ulimi hauonji. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na kwake hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Swali: Nasikia upo unga unaong'aa ukikuta sumu majini. Kweli?

Mara nyingi ni kinyume: unga unang'aa, sumu ndiyo inayoufifisha. Ni polima, yaani mnyororo mrefu wa vipande vinavyojirudia, yenye metali za kundi la lanthanidi, hasa europiamu na terbiamu, zilizofungamana na molekuli za kaboni. Metali hizo peke yake hunasa mwanga kwa shida, kwa hiyo molekuli huwa antena yake: hupokea mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, na kuupitisha kwa metali. Europiamu hutoa wekundu, terbiamu kijani. Dikromati, ambayo ni aina ya kromiamu yenye sumu kali, ikiwemo majini humeza mwanga ule kabla antena haijaupata. Mtaalamu hupima unga umefifia kiasi gani, ndipo akadirie sumu.

Swali: Kwa hiyo ukififia tu, maji yana sumu?

Hapana, na hapa naomba tusikimbilie. Chuma nacho huufifisha, na baadhi ya antibaiotiki pia. Ndiyo maana watafiti wengine huchanganya europiamu na terbiamu, wakalinganisha wekundu na kijani badala ya kutegemea mwanga mmoja. Kazi hii kwa sehemu kubwa bado iko maabara.

Swali: Unga huo unagundua vijidudu vya kipindupindu?

Usiutegemee kwa hilo. Chemsha maji au tia dawa ya klorini. Ila kuchemsha hakuondoi metali: maji yakipungua sufuriani, metali hubaki zote.

Swali: Basi leo nifanye nini?

Uliza mamlaka ya maji sampuli ipelekwe maabara gani, na upewe chupa maalumu; chupa iliyowekwa mafuta au dawa itaharibu majibu. Waeleze mazingira ya kisima. Kama jirani kuna fundi anayevunja betri za magari, omba wapime risasi. Kama dhahabu husafishwa kwa zebaki karibu nawe, omba zebaki. Mwenye mtoto anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo asichelewe.