Je, rafu ya dola 10,000 huifanya santuri isikike vizuri zaidi?

Katika maduka ya vyombo vya muziki vya hali ya juu, hasa Ulaya, Marekani na Japani, huuzwa bidhaa isiyo na waya wala mota, ambayo hata hivyo bei yake huweza kuzidi bei ya amplifaya inayowekwa juu yake. Bidhaa hiyo ni rafu ya kupangia vyombo. Zipo rafu zinazouzwa kwa zaidi ya dola 10,000, na mnunuzi huelezwa kwamba kwa kuhamishia vyombo vyake hapo, besi itakaza, sauti za waimbaji zitatengana na hata ukimya kati ya noti utakuwa mzito zaidi. Anayesikia madai hayo kwa mara ya kwanza hujiuliza, na ana haki ya kujiuliza: samani itabadilishaje sauti?

Inaweza kuibadilisha, lakini kwa njia moja tu, nayo ni nyembamba. Rafu haigusi umeme unaobeba muziki. Inachoweza kugusa ni mtetemo. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi halihusu rafu hata kidogo. Ajiulize kama katika vyombo vyake kipo kimoja kinachogeuza mtetemo kuwa umeme. Kikiwepo, mahali kinapokaa pana maana kubwa. Kisipokuwepo, rafu itabaki kuwa samani.

Chombo hicho ni kicheza santuri. Sindano yake imetengenezwa makusudi ili isikie mtikisiko mdogo mno. Katika santuri, noti ya hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, iliyokatwa kwa kiwango cha kawaida cha kupimia huisogeza sindano kwa takriban maikromita 8 kila upande, ilhali unene wa unywele wa binadamu ni takriban maikromita 70. Sauti iliyo chini kwa desibeli 60, kama vile mwisho wa mwangwi wa ukumbi unapofifia, huisogeza mara 1,000 chini ya hapo, yaani nanomita 8 tu. Katriji, yaani kile kifaa kidogo kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme, haiwezi kujua ni mtikisiko upi umetoka kwenye mfereji wa santuri na upi umetoka kwenye meza, kwa sababu inachopima ni tofauti ya mwendo kati ya sindano na mwili wa katriji yenyewe, basi. Meza ikitikisika na mtikisiko huo ukaufikia mfereji au mkono unaobeba katriji, huo nao unakuwa sehemu ya muziki.

Tatizo huwa kubwa zaidi kwenye besi. Tangu mwaka 1954 santuri nyingi zimekatwa kwa kanuni ya chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, RIAA, ambayo hupunguza besi wakati wa kukata na kuirudisha wakati wa kucheza. Sauti ya hezi 20 hukuzwa takriban mara 9 ikilinganishwa na ile ya hezi 1,000. Mitetemo ya nyumba, kama nyayo, milango na lori linalopita, nayo iko huko huko chini, kwa hiyo hukuzwa pamoja na muziki. Spika zenyewe pia hutikisa hewa na sakafu, meza hutikisika, sindano husikia, amplifaya hukuza, na spika hutikisa tena. Mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria harusi ambapo mshereheshaji alisimama na maikrofoni mbele ya spika anaujua mlio unaotokea mzunguko huo unapojifunga. Kwa kicheza santuri, mara nyingi haufiki kwenye mlio. Huishia kwenye besi iliyovimba na isiyo na mipaka, nayo ni rahisi kuidhania kuwa ubovu wa spika.

Vyombo vingine ni habari tofauti. Kicheza CD, kilichoingia sokoni mwaka 1982, husoma namba, huziweka katika hifadhi ya muda, hurekebisha makosa kwa hesabu, kisha huzitoa kwa mpigo wa saa ya kioo cha kwatzi. Kikitikiswa kupita kiasi, muziki huruka au hukatika. Hauwi “mkavu” au “mtamu” kidogo kidogo. Kisoma muziki wa intaneti hakina hata sehemu inayozunguka. Amplifaya ya transista haisikii meza kwa kiwango ambacho sikio litakitambua. Valvu za kioo, ambazo baadhi ya amplifaya huzitumia badala ya transista, ndizo zinazohitaji uangalifu, kwa kuwa ndani yake kuna nyaya nyembamba zilizosimama karibu karibu, na nyaya hizo zikitikisika mkondo hubadilika. Ukiigonga valvu iliyochoka kwa ncha ya penseli, utasikia “ting” kwenye spika. Hata hapo, kubadilisha valvu hiyo kwa nzima hugharimu kidogo sana kuliko rafu.

Tuseme basi kwamba una kicheza santuri. Mtetemo huzuiwaje? Kila kitu kizito kilichokaa juu ya kitu kinachobonyea kina masafa yake ya asili, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde kinayoifanya chenyewe kikiguswa, kama bembea ambayo ina mwendo wake hata ukiisukuma vipi. Ukiisukuma kwa kuoana na mwendo huo, inapanda juu zaidi na zaidi. Ukiisukuma haraka haraka kuliko mwendo wake, haipandi. Kizuizi cha mtetemo hufanya kazi vivyo hivyo. Chini ya masafa yake ya asili hupitisha kila kitu, karibu na masafa hayo hukuza badala ya kuzuia, na huanza kuzuia pale tu mtetemo unapozidi masafa hayo kwa takriban mara 1.4. Springi ya kawaida iliyobonyea milimita 1 kwa uzito iliyoubeba ina masafa ya asili ya takriban hezi 16, hivyo haizuii chochote chini ya hezi 22. Iliyobonyea milimita 10 ina hezi 5, nayo huanza kuzuia kwenye hezi 7.

Namba hizo zinatosha kupima madai mengi ya dukani. Mkono wa kicheza santuri pamoja na katriji vina masafa yao ya asili, ambayo mafundi hujitahidi yawe kati ya hezi 8 na 12, juu ya mtikisiko wa santuri iliyopinda na chini ya muziki. Kipande cha mpira kigumu kisichobonyea hata milimita moja hakiwezi kuulinda mkono huo dhidi ya nyayo, na kikibonyea kwa kiasi kibaya kinaweza kuzidisha mtikisiko uleule uliotaka kuukimbia.

Miiba ya chuma chini ya miguu ya rafu inastahili neno lake, maana imekuwa kama alama ya ubora. Mara nyingi husemwa kwamba miiba hiyo hutoa mtetemo nje na kuuzuia usirudi ndani. Sivyo. Chuma kigumu kilichokaa kwenye sakafu ngumu hupitisha mtetemo pande zote mbili sawasawa, kwa sababu nguvu haijui mlango wa kutokea wala wa kuingilia. Kazi halisi ya mwiba ni kupenya zulia na kuifanya rafu isiyumbe. Hiyo ni kazi nzuri, lakini si kazi ya kuzuia mtetemo.

Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya tatizo hili ilishapatiwa jibu zamani, tena ndani ya chombo chenyewe. Mwaka 1961 Edgar Villchur, mhandisi wa kampuni ya Acoustic Research huko Cambridge, Massachusetts, alitoa kicheza santuri ambacho sahani inayozungusha santuri na mkono vilining'inizwa pamoja kwenye springi tatu laini, huku mota ikibaki kwenye boksi la nje. Bei yake ilikuwa chini ya dola 100, na katika maonyesho boksi liligongwa kwa nyundo bila sindano kuruka. Wazo hilo ndilo lililofuatwa na vicheza santuri vingi vilivyosifiwa baadaye, ikiwemo Linn Sondek LP12 ya Glasgow, Uskoti, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Springi laini, hata hivyo, zina adui mmoja, naye ni sakafu inayodunda. Nyumba nyingi za zamani za Uingereza zina sakafu ya mbao iliyolazwa juu ya boriti, na mtu anapotembea huibonyeza sakafu hiyo takriban mara mbili kwa sekunde, karibu kabisa na masafa ya springi hizo. Ukipita mbele ya chombo, sahani inacheza ngoma na sindano inaruka. Wapenzi wa muziki wa huko walitafuta meza nyepesi na ngumu, wakapigilia rafu ukutani, na biashara ya rafu maalumu ikapata mahali pa kusimama. Ilikuwa biashara yenye sababu. Kosa lilianza pale dawa ya sakafu ya mbao ilipouzwa kwa kila nyumba na kwa kila chombo, hata kwa amplifaya ambayo haijawahi kusikia mtu akitembea.

Msomaji aliye Dodoma, Mombasa au Bujumbura katika nyumba ya tofali na sakafu ya saruji tayari anacho kitu ambacho wenzake wa London hukilipia fedha nyingi. Sakafu ya saruji iliyolazwa juu ya ardhi haidundi kwa nyayo. Kinachobaki kwake ni hewa inayosukumwa na spika, nayo hutibiwa kwanza kwa kuchagua mahali. Besi hujikusanya kwenye pembe za chumba, kwa hiyo kicheza santuri kisikae pembeni, kisikae juu ya kabati moja na spika, na kisikae juu ya ubao mpana mwembamba au kioo, ambavyo hupokea hewa kama ngozi ya ngoma. Kusogeza meza mita mbili hakugharimu kitu, na ningemsihi kila mtu afanye hivyo kabla ya kufungua mfuko.

Kabla ya kununua, pima. Weka santuri kwenye sahani bila kuwasha mota, shusha sindano, pandisha sauti polepole, kisha gonga rafu kwa ncha ya kidole. Ukisikia mshindo mzito kwenye spika, mtetemo unapita. Kipimo cha pili ni kizuri zaidi, ingawa kinahitaji kompyuta. Sindano ikiwa imetulia vilevile juu ya santuri isiyozunguka, rekodi kinachotoka kwenye katriji huku ukipiga wimbo kwa sauti kubwa kutoka chombo kingine chumbani. Ukisikiliza rekodi hiyo na kuusikia wimbo wenyewe ndani yake, umeusikia uchafu unaoongezwa kwenye kila santuri unayocheza. Hamishia chombo mahali pengine, rudia, na ulinganishe. Kwa mitetemo ya chini, simu janja yenye programu ya bure ya phyphox, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha RWTH Aachen nchini Ujerumani, itakuonyesha mchoro wa mtikisiko ukiilaza tu juu ya rafu.

Wapo watakaosema kwamba vipimo havina haja, kwa kuwa walinunua rafu na wakasikia tofauti kwa masikio yao. Siwatuhumu kwa uongo. Anayehamisha vyombo huchomoa na kuchomeka upya nyaya ambazo huenda zilikuwa na kutu, husawazisha kicheza santuri kwa pimamaji, huondoa vyombo pembeni, na wakati mwingine husogeza spika. Lolote kati ya hayo linaweza kubadilisha sauti kweli. Zaidi ya hapo, aliyekwisha kulipa hutarajia, na matarajio huingia masikioni bila kubisha hodi. Njia ya haki ni kurekodi wimbo mmoja wa santuri chombo kikiwa kwenye meza ya zamani, kisha kwenye rafu mpya, bila kugusa kitu kingine, na kumwomba mwenzako akupigie rekodi hizo kwa mpangilio usioujua, mara kumi. Kwa kubahatisha tu, mtu hupata tisa au zaidi takriban mara moja katika kila majaribio 100. Ukizipata, tofauti ipo.

Na ikiwa tofauti ipo, bado si lazima iwe ya dola 10,000. Bamba la granaiti la sentimita 45 kwa 35, lenye unene wa sentimita 3, lina uzito wa karibu kilo 13. Likilazwa juu ya mpira wa ndani wa baiskeli ya mtoto uliojazwa upepo kidogo, linakuwa kizuizi laini kinachoishinda miguu mingi ya mpira inayouzwa kwa bei ghali, mradi usawazishe vizuri na kuongeza upepo unapopungua. Hilo lisitumike kwa chombo chenye springi zake, kwa kuwa springi juu ya springi huyumbishana. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea fremu ya mabomba ya mraba, ukayajaza mchanga mkavu ili yasilie, na seremala akakuwekea mbao za mninga juu yake. Kwa sakafu ya mbao, rafu fupi iliyofungwa kwa skrubu kwenye ukuta wa matofali hukata njia ya nyayo kwa kiasi kikubwa.

Vizuizi vya gharama vinavyofanya kazi kweli vipo. Kampuni ya Minus K ya California hutengeneza meza zenye masafa ya asili ya karibu hezi 0.5 kwa ajili ya hadubini zinazotazama vitu vidogo kuliko seli, na mnunuzi hupewa mchoro unaoonyesha, kwa kila masafa, ni kiasi gani cha mtetemo kinapita. Huo ndio mchoro wa kumwomba muuzaji wa rafu. Akiwa nao, usome kuanzia hezi 2 hadi 200, utazame mahali mstari unapopanda badala ya kushuka, kisha ulinganishe na ulichokipima nyumbani kwako. Asipokuwa nao, bei aliyoitaja ni ya mbao, chuma, rangi na ufundi, na mtu anaweza kabisa kuilipa kwa kupenda uzuri wake sebuleni. Ila fedha aliyoitenga kwa ajili ya sauti aiache kando kwanza, kwa sababu katriji nzuri zaidi, au hata kuzungusha spika zilizopo kidogo, hubadilisha kinachosikika kwa kiasi ambacho hakihitaji majaribio kumi kukitambua.