Usalama wa Thina Katika Karakana: Mvuke Ndio Unaowaka

Thina inayouzwa kwa lita katika maduka ya rangi si kemikali moja, bali ni mchanganyiko wa viyeyusho kadhaa ambao mara nyingi muuzaji na mnunuzi wote hawajui uwiano wake. Katika mingi ya michanganyiko hiyo imo toluini, kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu kali inayokaribia utamu, kinachotokana kwa kiasi kikubwa na usafishaji wa mafuta ghafi. Ndiyo inayolainisha rangi ya magari ili ipite katika bunduki ya kupulizia, na ndiyo inayoyeyusha mpira katika baadhi ya gundi za viatu na za sofa. Mafundi wa gereji, maseremala na washona viatu huishika kila siku, wengi wao katika vibanda vya mabati vilivyopakana ukuta kwa ukuta. Ina madhara ya kiafya, nami nitayaeleza, lakini hatari yake ya moto ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi, kwa sababu wengi huichukulia thina kama mafuta ya taa yenye harufu tofauti.

Kinachowaka si kimiminika chenyewe bali ni mvuke wake ukishachanganyika na hewa. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafikie joto la nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi, ndiyo maana taa huhitaji utambi. Toluini hufikia hali hiyo katika nyuzi 4 tu, joto la chini kiasi kwamba karibu kila karakana ya Afrika Mashariki, pwani na bara, inaipita muda wote. Thina yenye asetoni nyingi huwaka hata katika baridi ya chini ya sifuri. Kwa hiyo kopo la thina lililoachwa wazi mezani halisubiri kupashwa moto ili liwe hatari. Tayari linatoa mvuke unaoweza kuwaka, mchana na usiku.

Mvuke wa toluini huweza kulipuka unapokuwa kati ya asilimia 1.1 na asilimia 7.1 ya hewa iliyopo. Ukipungua hapo hautoshi kuwaka, na ukizidi hapo hewa ndiyo isiyotosha. Petroli iliyo ndani ya tangi lililofungwa hutoa mvuke mwingi kiasi cha kuvuka kiwango hicho cha juu, hivyo kwa kawaida hewa ya ndani ya tangi haiwaki, na hatari kubwa huwa nje, pale mvuke unapokutana na hewa ya kutosha. Watu zaidi ya 100 waliofariki baada ya lori la petroli kupinduka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, walikuwa katika hewa ya namna hiyo. Toluini haitupi hata nafuu hiyo ndogo. Katika joto la nyuzi 30, ambalo ni la kawaida Dar es Salaam au Mombasa, mvuke ulioshiba ndani ya chombo kilichofungwa huwa karibu asilimia 5, yaani katikati kabisa ya kiwango cha kulipuka. Dumu la toluini lililobaki nusu, lililofungwa vizuri na kuwekwa kivulini, lina ndani yake hewa iliyo tayari kulipuka ikipata cheche.

Kiasi kinachohitajika si kikubwa. Lita moja ya toluini ikivukiza yote hutoa takriban lita 230 za mvuke, na mvuke huo unatosha kuifikisha hewa ya mita za ujazo 21 kwenye kiwango cha kulipuka. Hicho ni chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha zaidi kidogo ya mita 2, ukubwa wa vibanda vingi vya kupulizia rangi. Zaidi ya hayo, mvuke huu ni mzito mara tatu hivi kuliko hewa, kwa hiyo haupandi ukatoka kupitia nafasi iliyo kati ya ukuta na bati kama moshi unavyofanya. Hushuka, hutambaa sakafuni, huingia katika mitaro na mashimo ya kukagulia magari, na huweza kufika kwenye jiko la mkaa la mama lishe au kwa fundi wa kuchomelea aliye kibanda cha tatu, kisha moto ukarudi kwa njia ile ile mpaka kwenye kopo. Ndiyo maana feni iliyofungwa juu ya ukuta haisaidii sana. Njia ya kutolea hewa iwe karibu na sakafu, na mota ya feni isikae ndani ya mkondo wa mvuke isipokuwa iwe imetengenezwa kwa kazi hiyo. Swichi, soketi, kompresa, mashine ya kukatia chuma na simu inayochajiwa vyote vikae mbali na eneo la kupulizia.

Cheche nyingine haitoki kwenye kifaa chochote. Toluini haipitishi umeme, hivyo inapomiminwa kwa kasi kutoka chombo kimoja kwenda kingine hujikusanyia umeme tuli, na umeme huo ukiruka unatosha kuwasha mvuke uliopo mdomoni mwa chombo. Kwa wanaohamisha thina kutoka kwenye pipa, utaratibu ni kutumia vyombo vya chuma, kuviunganisha kwa waya kabla ya kumimina, kuunganisha pipa na waya wa ardhini, na kumimina polepole huku funeli ya chuma ikigusa chombo kinachopokea. Dumu la plastiki haliwezi kutulizwa umeme kwa waya wa namna hiyo. Najua dumu la plastiki ni rahisi na lipo kila mahali. Hata hivyo kwa toluini ni chombo kibaya. Chupa ya maji ya kunywa ni mbaya zaidi, kwa kuwa mtoto hawezi kutofautisha kilichomo na maji.

Ajali zinazonisikitisha zaidi, kwa sababu wahusika hudhani hakuna kilichobaki cha kuwaka, ni zile za pipa tupu. Pipa la lita 200 lililokwisha thina hununuliwa ili likatwe na kutengenezwa jiko, meza au chombo cha maji, na fundi huanza kulikata kwa gesi au kwa mashine akiamini kwamba limekauka. Ili hewa ya ndani ya pipa hilo ifikie kiwango cha kulipuka, zinahitajika chini ya mililita 10 za toluini, yaani vijiko viwili vya chai, na kiasi hicho hubaki bila shida katika mikunjo ya kitako na kwenye maungio. Kulisuuza kwa maji hakusaidii sana, kwa kuwa katika lita nzima ya maji huyeyuka karibu nusu gramu tu ya toluini. Kuliacha juani siku kadhaa likiwa wazi nako hakutoi uhakika, maana joto la kukatia huamsha mabaki yaliyojificha chini ya rangi na utando wa ndani. Pipa la namna hiyo lirudishwe kwa msambazaji au likabidhiwe kwa wenye kibali cha kushughulikia taka hatarishi, na lisigeuzwe kuwa pipa la maji ya nyumbani.

Kuhusu afya, mizani ni tofauti kabisa. Hewa yenye asilimia 1.1 ya mvuke ni sawa na sehemu 11,000 katika kila sehemu milioni, ilhali wataalamu wa afya kazini wa Marekani, ACGIH, wanapendekeza wastani usiozidi sehemu 20 kwa siku ya kazi, na sehemu 500 huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo. Mtu hulewa, huumwa kichwa na kupoteza umakini muda mrefu kabla hewa haijafika mahali pa kuwaka. Pua si kipimo, kwa sababu huizoea harufu baada ya muda na kuacha kuonya. Kwa miaka, mvuke huu huathiri ubongo, usikivu wa masikio na uwezo wa kutofautisha rangi, jambo linalopaswa kumgusa hasa mpiga rangi. Wajawazito wakae mbali nao. Vijana wanaonusa gundi mitaani hupata dozi kubwa kuliko fundi yeyote, na wengine moyo husimama ghafla.

Maziwa, ambayo mafundi wengi hunywa baada ya kazi ili yaondoe sumu, ni chakula kizuri lakini hayaondoi mvuke uliokwisha kuingia katika damu kupitia mapafu. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali huzuia matone ya rangi tu; mvuke hupita. Kinachofaa ni barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa maalumu wa kunasa mvuke wa viyeyusho, vinavyotambulika kwa mstari wa kahawia kwa kipimo cha Ulaya, na vibadilishwe kabla harufu haijaanza kupenya. Mikono isioshwe kwa thina, maana huondoa mafuta ya ngozi na kuipasua; mafuta kidogo ya kula na sabuni hutoa rangi nyingi.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mnunuzi wa jumla adai karatasi ya taarifa za usalama, na akatae chombo kisicho na lebo yenye alama ya mwali ndani ya mraba wa mpaka mwekundu uliosimama kwa pembe yake.

Thina ikimwagika, zima kila moto ulio karibu bila kugusa swichi iliyo ndani ya eneo la mvuke, toa watu, fungua milango, kisha funika kwa mchanga mkavu, wala usiisukumie mtaroni. Ikiwaka, usimwage maji, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji na itaelea ikiwaka huku ikienea. Tumia mtungi wa povu, wa unga mkavu au wa kaboni dayoksaidi, na ikiwa moto umevuka ukubwa wa kopo, ondoka na upige 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Aliyevuta mvuke mwingi apelekwe kwenye hewa safi na asiachwe peke yake. Aliyeimeza asitapishwe kwa namna yoyote, si kwa chumvi wala kwa kidole, kwa kuwa matone machache yakiingia mapafuni wakati wa kutapika hudhuru kuliko yaliyomo tumboni. Awahishwe hospitali, pamoja na chombo chenye lebo.