John Kani, mtunzi aliyelelewa na jukwaa

Katika kufundisha sanaa za maonyesho nimekutana na wanafunzi wengi wanaomtambua John Kani kuwa mwigizaji tu, huku utunzi wote wakimpa Athol Fugard, mwandishi Mzungu wa tamthilia wa Afrika Kusini. Huko ni kumpunja. Kani, mzaliwa wa kitongoji cha New Brighton mjini Port Elizabeth, Afrika Kusini, mwaka 1943, alikuwa mtunzi tangu enzi ambazo kazi zake hazikuwa na mswada.

Alijiunga na kikundi cha maigizo cha Serpent Players mwaka 1965, na humo yeye, mwigizaji mwenzake Winston Ntshona na Fugard wakaibuni tamthilia ya *Sizwe Banzi Is Dead*, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Cape Town mwaka 1972. Itazame sehemu ya ufunguzi, ambamo mpiga picha Styles anasimulia alivyokuwa mfanyakazi wa kiwanda cha magari cha Ford, mahali ambapo Kani mwenyewe aliwahi kufanya kazi. Akiwa peke yake jukwaani, mara anakuwa bosi anayetoa amri, mara mkalimani anayeyageuza maneno ya bosi kuwa kejeli kwa lugha ambayo bosi haielewi, mara wafanyakazi wanaosugua sakafu na kuvalishwa nguo mpya ili kumpokea mwenye kampuni kutoka Marekani, ambaye anaingia hatua chache, anatazama, kisha anaondoka. Maneno hayo yalizaliwa mazoezini, kinywani mwa mtu aliyeyaishi.

Kutokuandika kulikuwa pia kinga. Tamthilia yao ya *The Island*, ya mwaka 1973, ilianza bila mswada kwa sababu kueleza hali ya gereza la Robben Island, walikofungwa wapinzani wa ubaguzi wa rangi, kulikuwa kosa la jinai. Tena sheria za makaburu hazikuutambua uigizaji kuwa kazi ya Mwafrika, hivyo Kani na Ntshona waliandikishwa kama watumishi wa nyumbani wa Fugard, wakati huohuo wakiigiza, katika *Sizwe Banzi Is Dead*, kisa cha mtu anayechukua kitabu cha pasi cha marehemu, yaani hati ambayo Mwafrika alilazimika kuwa nayo, ili apate kibali cha kufanya kazi. Mwaka 1975 wawili hao walitunukiwa kwa pamoja tuzo ya Tony, tuzo kuu ya maigizo ya Marekani, jijini New York. Mwaka uliofuata wakatiwa mbaroni Transkei, eneo la Afrika Kusini lililotengewa Waafrika, kwa sababu ya *Sizwe Banzi Is Dead*.

Tamthilia aliyoiandika peke yake, *Nothing but the Truth*, ilitoka mwaka 2002. Mdogo wake aliuawa na polisi mwaka 1985 alipokuwa akighani shairi mazishini, na msiba huo umo ndani ya kisa cha Sipho, mkutubi wa New Brighton aliyempoteza mwanawe kwa namna inayofanana. Kani mwenyewe aliigiza nafasi ya Sipho. Kwa maoni yangu, hakuna alipoandika vizuri zaidi kuliko pale mzee huyu mpole, baada ya kumeza machungu miaka mingi, anapoyakataa maridhiano ya Tume ya Ukweli, iliyoweza kuwasamehe waliokiri uhalifu wa enzi za ubaguzi wa rangi, na kudai muuaji wa mwanawe afikishwe mahakamani na kufungwa.